Zamu ya Firigogo

Wengi katika kikundi chetu tulijifunzia kutazama ndege kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Pale ukimkosa ndege kwenye mti huu utampata kwenye ule, na ukichelewa kidogo hujapoteza kitu. Kaskazini mwa Marsabit mambo ni mengine. Unaweza kusafiri saa nzima garini usione hata kunguru, halafu ukafika penye kidimbwi kisichozidi upana wa mkeka ukakuta mamia ya ndege wametua, wamekunywa na kuondoka ndani ya robo saa. Robo saa hiyo ikikupita, ngoja kesho. Naandika haya kwa ajili ya vikundi vinavyopanga kwenda huko, na siku hizi ni vingi, maana lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale imeirahisisha safari ambayo zamani magari yaliifanya kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma.

Marsabit mjini kuna baridi. Mlima umefunikwa na msitu, na alfajiri ukungu hushuka hadi barabarani. Tuliondoka saa kumi na moja tumejifunika makoti, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshateremka hadi Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano ambao jicho halioni mwisho wake. Mawe ni ya ukubwa wa ngumi, mengine ya kichwa cha mtu, na katikati yake huota nyasi fupi zilizokauka na vichaka visivyofika magotini. Jua likiyapiga kwa muda mfupi tu, hewa iliyo juu yake huanza kutetemeka, na hapo hata darubini ya bei kubwa haikusaidii. Mbuni aliye mita mia tano anaonekana anaelea majini.

Kwa hiyo kazi hufanywa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni hadi giza liingie. Saa za katikati ni za kivuli, maji na kulala. Nimeona ratiba za safari zinazoweka matembezi saa sita mchana kwa sababu aliyeziandika alikuwa ofisini. Hizo huwaumiza watu bure, na hata ndege wenyewe wakati huo wamejibanza chini ya vichaka wakihema midomo wazi. Sisi tulibeba lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na maji ya kupikia na ya gari, na hayakubaki mengi.

Mbuni wa huku si yule wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dume wa kule kusini ana shingo na mapaja ya rangi ya waridi. Huyu wa Kisomali shingo yake ni ya kijivu inayoelekea bluu, na msimu wa kuzaana ukifika bluu hiyo hukolea. Tangu 2014 BirdLife International, shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, linamhesabu kuwa spishi yake peke yake. Tulimwona dume mmoja na majike mawili wakivuka barabara mbele ya lori la mafuta, bila haraka yoyote, na dereva wa lori akawangojea mpaka wamalize. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Lakini kilichotuleta kwenye mawe yale ni kipozamataza mdogo. Mirafra williamsi, kipozamataza wa Williams, hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya. Alielezwa kisayansi mwaka 1956 na kupewa jina la John G. Williams, aliyekuwa msimamizi wa mkusanyo wa ndege katika Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Makazi yake yanayojulikana ni mawili tu: huku Dida Galgalu, na nyanda zilizo kati ya Isiolo na Garba Tula. Mkenya anaweza kuishi miaka sabini asijue kwamba ana ndege wa peke yake namna hii, na mtu wa Ulaya akapanda ndege mbili na gari moja kuja kumwona. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu moja ya kikundi chetu kuwepo.

Kumtafuta ni kazi ya watu wengi. Tulijipanga mstari mmoja, hatua kama kumi na tano kati ya mtu na mwenzake, jua likiwa mgongoni, tukatembea polepole. Kipozamataza haruki mapema. Hukimbia kati ya mawe, husimama, hukimbia tena, na akisimama anakupotea machoni kwa sababu mgongo wake umechukua rangi ya jiwe. Macho ya mtu mmoja hayamwezi. Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayemwona ainue mkono na mstari wote usimame, kisha aelekeze. Na kuelekeza jangwani ni elimu ya pekee, kwani hakuna mti wala tawi la kutaja. Msituni watazamaji huelekezana kwa uso wa saa, lakini kikundi cha Waswahili kikiambiwa "saa tatu", nusu hutazama kulia iliko namba tatu, na nusu hutazama kushoto unakolala mshale mfupi saa tatu ya asubuhi. Tukauacha mtindo huo. Tulitumia ngumi: mkono ukiunyoosha mbele yako, upana wa ngumi ni karibu digrii kumi. "Ngumi mbili kulia kwa jiwe jeupe, karibu na nyasi iliyolala." Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa akielekeza hivyo, hata mzee wetu wa miaka sabini na zaidi aliyekuwa akitembelea fimbo.

Jua lilipoanza kuchoma na bado hatujampata, mwenzetu mmoja alitoa simu na spika ndogo. Alikuwa na sauti ya kipozamataza iliyorekodiwa, na alitaka kuicheza ili dume atoke kujibu. Kiongozi wetu alikataa kwa upole lakini bila kuyumba, nami nasimama naye. Dume anayesikia sauti ya mgeni katika eneo lake huacha kula na kuacha kivuli aje kupigana na adui asiyekuwepo. Kwenye msitu wenye chakula tele pengine hasara ni ndogo. Kwenye mawe ya Dida Galgalu, ambako kila mbegu hutafutwa kwa jasho, na ambako kila kikundi husimama kwenye kilomita ileile ya barabara kwa kuwa ndiyo inayojulikana, yule dume anaweza kuitwa vitani kila wiki msimu mzima. Mwenye simu aliirudisha mfukoni bila manung'uniko. Tuliendelea kutembea.

Aliyempata ni dada mmoja mwalimu kutoka Meru, mwisho kabisa wa mstari. Ndege alikuwa amepanda juu ya jiwe lisilofika kimo cha kikombe. Kwa teleskopu niliona kifua chenye michirizi, mdomo mnene uliofunguka kwa joto, na koo likipwita harakaharaka. Aliimba kidogo, sauti nyembamba iliyochukuliwa na upepo. Aliporuka, manyoya ya pembeni ya mkia yalionekana meupe, kisha akazama tena kwenye mawe. Tulikuwa na desturi kwamba ambaye hajawahi kumwona ndege fulani ndiye anayetangulia kwenye teleskopu, hivyo wazoefu wawili walimwona mkia tu. Hawakulalamika.

Kutoka Bubisa tulikata kushoto kuelekea Maikona na Kalacha, kwenye ukingo wa Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, nyeupe kwa chumvi, na upepo wa kaskazini hii huisukuma ile chumvi mpaka unaionja mdomoni. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu vyangu vya ndege vilikuwa havijanieleza.

Tulitaka kuwaona firigogo, ndege wa nyika kavu wenye umbo linalofanana na la njiwa. Hawa hula mbegu kavu karibu tupu, kwa hiyo maji kwao si jambo la kuahirisha. Huruka makumi ya kilomita kuyafuata. Firigogo wa tumbo la kahawia, Pterocles exustus, hunywa asubuhi jua likishapanda, kati ya saa mbili na saa nne. Tulishajua saa. Tulichokuwa hatujui ni kwamba maji yenyewe, mahali pale, yana kazi ya mtu ndani yake.

Kisima tulichoelekezwa ni cha wafugaji Wagabbra. Maji yako chini, na vijana huyavuta na kuyapokezana ndoo kwa ndoo hadi yafike kwenye hori la udongo ambamo mifugo hunywa. Yanayomwagika hujikusanya kando ya hori, kidimbwi cha matope na nyayo za ngamia. Hicho ndicho firigogo wanachokijia. Kwamba ndege hawa wa mwituni, tuliozoea kuwafikiria kama viumbe vya nyika tupu, wanakunywa kilichomwagika kutoka mikononi mwa vijana wanaoanza kazi kabla ya jua!

Mzee aliyekuwa akisimamia zamu ya kunywesha alitupokea vizuri. Tulimsalimu, tukamweleza tulichofuata, tukaomba ruhusa ya kusimama karibu na hori. Akatutazama, pamoja na ile miguu mitatu ya teleskopu zetu na kofia zetu pana.

"Karibuni, wageni," alisema. "Lakini hapo hapana. Ngamia hawajawazoea nyinyi, wakishtuka watarudi nyuma na zamu yote itaharibika. Kaeni kule juu kwenye mawe. Ngamia watakunywa, mbuzi watakunywa, punda watachukua maji ya nyumbani. Halafu ndege."

"Na sisi, mzee?" aliuliza mwalimu wetu.

"Nyinyi mmeshakunywa, mama. Tazameni tu."

Tukakaa kwenye mawe, umbali wa kama mita mia na hamsini, wale wenye nguo za rangi kali wakiwa nyuma ya wenzao. Ngamia walikuja kwa mafungu; fungu moja likisukumwa mbele, jingine lilingoja mbali, limelala, bila kelele. Vijana kisimani waliimba wakipokezana ndoo. Saa mbili ilipita. Mbuzi wakaja kwa vurugu yao. Kisha tukasikia firigogo kabla ya kuwaona, sauti za kugugumia zinazojirudia, na kundi la kwanza likazunguka juu mara mbili bila kutua. Walikuwa wanamtazama kijana mmoja aliyebaki pembeni ya hori akinawa miguu. Alipoondoka, wakashuka.

Majike ni wa rangi ya mchanga wenye madoa, madume wana mstari mweusi mwembamba kifuani na tumbo la kahawia iliyokolea, na wote wana mkia uliochongoka. Hunywa haraka sana, kichwa chini, juu, chini, na kuondoka. Lakini baadhi ya madume hawakuondoka. Waliingia kidimbwini mpaka tumbo likagusa maji, wakajitikisa juu na chini, manyoya ya tumbo yameachanishwa. Mmoja nilimfuata kwa teleskopu muda wote aliokuwa pale. Ngamia aliyechelewa alipita hatua chache kutoka kwake, yeye akasogea pembeni tu, akaendelea kujilowesha. Alipopaa alikuwa mzito. Ilimchukua mapigo kadhaa ya mbawa kupata kimo, na matone mawili matatu yalianguka.

Yale ni maji ya watoto. Makinda wa firigogo hutembea na kujitafutia mbegu tangu wakiwa wadogo, lakini hawawezi kuruka kufuata maji, hivyo baba huwaletea kwenye manyoya ya tumbo, nao huyanyonya kwa kupitisha midomo kwenye nyoya. Nyoya za sehemu hiyo zina nyuzi ndogo zilizojikunja. Zikilowa hujikunjua na kuyashika maji kati yake, na ndege anaweza kuruka nayo bila kuyamwaga yote. Mwingereza Edmund Meade-Waldo, aliyefuga firigogo kwake, aliliandika jambo hili mwaka 1896 na wataalamu wengi hawakumwamini kwa miongo mingi. Mwaka 1967 watafiti Tom Cade na Gordon Maclean walilithibitisha kwa firigogo wa Kalahari. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2023, kwenye vyuo vya Johns Hopkins na MIT, ulichunguza nyoya hizo kwa hadubini na kueleza kwamba dume anaweza kubeba kama mililita 25. Hivyo ni vijiko vitano vya chai, vya kugawia makinda wawili au watatu, na baadhi hukauka njiani.

Nilipomweleza mzee habari hizi za 1967, alitabasamu na kusema watoto wanaochunga mbuzi huwakuta makinda kwenye mawe, vifua vya baba vikiwa vimelowa. Hakushangazwa ila na muda uliotumika kuthibitisha.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana kaskazini mwa Kenya na Pembe ya Afrika. Mzee alitueleza kwamba mifugo ilipokufa na iliyobaki ikahamishwa, kisima kile kilikaa muda bila mtu wa kuvuta maji. Hori likapasuka. Firigogo walikuja asubuhi za mwanzo, wakazunguka, wakaondoka, kisha wakaacha kuja. Maji yalikuwepo chini, ila hapakuwa na mkono wa kuyapandisha. Niliyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu katika mikutano yetu ya uhifadhi mfugaji hutajwa zaidi kama tatizo: mbuzi wengi, nyasi zimekwisha. Pale kisimani niliona kwamba firigogo, angalau mahali hapo, anaishi kwa jasho la mfugaji, na kwamba mradi wowote wa ndege wa Chalbi usioanza na hali ya visima na wenye visima umeanzia pabaya.

Ndiyo maana pia nashikilia suala la umbali. Mgeni mmoja anayesogea mita hamsini mbele ili apate picha nzuri huwafanya firigogo wazunguke na kuondoka bila kunywa, na jua likishapanda wengine hawatarudi siku hiyo. Picha ile ina gharama, na anayelipa ni kinda aliye kilomita ishirini kutoka hapo. Tena huwafanya ngamia wagome, na hapo anayelipa ni kijana aliyevuta maji tangu alfajiri. Kikundi kiwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana, na akubaliwe kabla ya kuondoka mjini, si pale kisimani wakati kamera zimeshatolewa.

Jioni tulirudi kwenye mawe yaleyale kuwangoja firigogo wa Lichtenstein, ambao hunywa giza likishaingia. Taa zote na skrini za simu zilizimwa. Hatukuona rangi hata moja, vivuli tu vikipita chini dhidi ya mwanga wa mwisho, na milio yao ya mluzi. Mwenye kupenda kuweka alama kwenye orodha hataridhika na hilo. Mimi niliridhika kabisa.

Chemchemi ya Kalacha yenyewe, yenye mikoma na ardhi ya majani mabichi katikati ya weupe wote ule, hupendwa na ndege wahamao kuanzia Oktoba hadi Aprili. Sitaieleza yote. Nitamtaja mmoja tu: Oenanthe oenanthe, ndege mdogo wa kiuno cheupe anayepiga hatua za kurukaruka chini na kusimama wima. Uzito wake ni kama gramu 25. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vidogo walivyowafunga ndege wa aina hii huko Alaska, yakaonyesha kwamba husafiri karibu kilomita 14,500 hadi Afrika Mashariki, na kurudi. Yule tuliyemwona amesimama juu ya kinyesi cha ngamia huenda ametoka karibu zaidi, Urusi au Asia ya Kati. Hata hivyo, baada ya kusikia hivyo watu wote walinyamaza, wakamtazama kwa jicho tofauti.

Orodha zetu tulizipeleka kwenye Kenya Bird Map, mpango unaoigawa nchi katika miraba ya dakika tano za latitudo na longitudo, karibu kilomita tisa kwa tisa. Ukifanya kazi ya kutafuta ndege kwa makini ndani ya mraba mmoja kwa saa mbili au zaidi, ukiandika kila spishi kwa mpangilio uliyoiona, hiyo ni kadi kamili. Ukifungua ramani utaona miraba ya Nairobi na Naivasha imejaa, na ya kaskazini mingi ni mitupu. Utupu huo hauna maana kwamba hakuna ndege. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika. Na kadi fupi ina thamani ileile: saa mbili kwenye lava zikikupa spishi tisa, zipeleke hizo tisa, usizione aibu.

Kikundi cha Nairobi, hata kikienda kila mwaka, hakiwezi kuijaza miraba hiyo. Kijana mmoja wa pale kisimani, aliyemaliza kidato cha nne na kurudi kuchunga ngamia wa baba yake, alikaa nasi kwenye mawe baada ya zamu yake na kuwataja ndege kwa Kigabbra kabla hatujafungua vitabu. Tandawala, ndege mkubwa atembeaye ardhini, alimwona kwa macho matupu mahali ambapo sisi tuliona kichaka. Tulimwekea BirdLasser, programu ya kuandikia orodha za ndege, kwenye simu yake, mwalimu wa Meru akamwachia darubini yake ya pili, na tukakubaliana kwamba gharama za bando zitatoka kwenye mfuko wa kikundi. Mtandao hushika Kalacha na Maikona. Kwingine anahifadhi orodha kwenye simu na kuzituma akifika mjini. Za kwanza zimeshaingia, na katika moja ameandika saa firigogo walipofika kisimani na saa ngamia wa mwisho alipoondoka, ingawa programu haikumwuliza habari za ngamia. Tumemwomba aendelee kuziandika zote mbili.